Nzi wa Zambarau wa Kichwa cha Chuma

Siku yangu ya mwisho kazini mlinipa keki, mkaniambia nitoe hotuba. Nilisimama mbele ya meza zenu, nikafungua mdomo, nikaanza kucheka, na kicheko hakikuisha mpaka chai ikapoa. Kinya, kutoka meza ya mbele, akasema, "Mama Wawira, si uandike tu, tutasoma." Haya, nimeandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nani alinipandisha aende ofisini, huko wana faili. Mimi nitawaeleza habari za ndoano, uzi na manyoya, na ile safari moja ya mtoni ambayo hata leo nikiikumbuka naacha sufuria iungue.

Nilianza nikiwa nimetoka kidato cha nne, msichana wa Kianjokoma asiyekuwa na hakika ya lolote ila kwamba hataki kuchuma majani chai. Shangazi yangu alikuwa akiishi mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, na akaniambia kuna nyumba karibu na kwake ambako wanawake wanafunga nzi. Mimi nilisikia wanafuga. Njia nzima nilijiuliza hao ni nzi wa aina gani, wanalishwa nini, na nani mwenye akili zake anayewanunua. Lakini kazi ni kazi. Nikaenda.

Nilikuta sebule iliyoondolewa viti vyote vya kupumzikia. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi kuzunguka madirisha, kila mmoja ameinamia chuma kidogo kinachobana ndoano. Waliizungushia ndoano uzi na manyoya, wakakaza, wakakata, na ghafla kikatokea kitu chenye mbawa na mkia, utadhani kitaruka. Hao ndio nzi wenyewe. Wavuvi wa nchi za mbali huwafunga kwenye mshipi na kuwarusha mtoni, na samaki, ambaye hajasoma, huamini ni chakula. Sikuwahi kuona kitu cha kuchekesha na kizuri kwa wakati mmoja namna ile. Nilishika mdomo. Mwenye kazi, Bwana Nyaga, alidhani nataka kutapika, akanionyesha choo.

Aliyenifundisha ni Mama Mwenda. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mwanamke wa Githongo, mnene, mwenye vidole vinene pia, na watu walishangaa vidole hivyo viliwezaje kushika unyoya mdogo kuliko kope. Kwao walilima kahawa, na alisema aliyewahi kuchagua kahawa mbivu kwa mbichi mvua ikinyesha hawezi kushindwa na unyoya. Wiki ya kwanza nzima hakunipa hata unyoya mmoja. Nilizungusha uzi kwenye ndoano tupu, nikaufungua, nikauzungusha tena. Uzi ukikatika alinitazama tu. Ukilegea aliuvuta kwa kucha, kazi yangu yote ikamwagika mezani, halafu akaendelea na yake akiimba wimbo wa kanisani. Siku ya sita alivuta na uzi haukutoka. Akanipa manyoya matatu ya kahawia na kipande cha nduma ya kula. Ile ndiyo sherehe yangu ya kuhitimu, na sijawahi kuona nyingine iliyonifurahisha hivyo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kile chuma cha kubana tulikiita vaisi. Kulikuwa na mkasi mdogo ambao mtu akikamatwa akiukatia karatasi alisemwa hadi kwa mama yake, bobini ya kushikia uzi, sindano ya kutilia gundi, na mswaki wa zamani wa kuchanulia manyoya. Manyoya yenyewe ya shingo ya jogoo tuliletewa na Bwana Salim, mfanyabiashara wa mji wa Maua aliyekuwa na pikapu na subira. Alizunguka vijijini mwa Meru akinunua ngozi za shingo, na alikuwa na jicho. Jogoo wa rangi ya majivu akionekana popote, Salim alijua ni wa nani na ataliwa sikukuu gani. Aliniambia kwamba mara moja alihudhuria harusi nzima ya watu asiowajua akimngojea jogoo mmoja, na kwamba pilau ilikuwa nzuri.

Sasa nije kwa samaki wetu. Kila mwaka, kuanzia mvua za Oktoba hadi Januari, tulifunga nzi wakubwa kuliko wengine wote, weusi, wa waridi, wa machungwa, wa zambarau. Hao walikuwa wa mito ya kaskazini, huko ambako mwezi wa Machi theluji ndiyo kwanza inaanza kulegea kingoni. Samaki anayetafutwa huko wanamwita stilihedi, maana yake kichwa cha chuma, na sisi tukamwita hivyo hivyo, Kichwa cha Chuma, kama jirani. Bwana Nyaga alitueleza kwamba huyo ni trauti yule yule mwenye mstari wa waridi anayeishi kwenye mito yetu ya mlimani. Tofauti ni kwamba wa kule akiwa kijana huteremka hadi baharini, anakula huko anakuwa mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, halafu anapanda mto kurudi alikozaliwa. Mama Mwenda alilisikiliza jambo hilo kwa makini sana. Akasema hata kwao Githongo wako wa namna hiyo, huenda Mombasa wembamba wakarudi hawapiti mlangoni.

Tulimfungia samaki huyo chakula miaka na miaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona trauti akiuma nzi, mkubwa wala mdogo. Mimi nimezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka mtoni. Lakini kwetu watu wa mlimani samaki hakuwa chakula cha maana. Waliokwenda kuvua walikuwa wageni wenye viatu vya mpira hadi kiunoni, nasi tuliwaona kama watu waliokosa shamba.

Mwaka niliokuwa nimetimiza miaka tisa kazini, ilikuja oda ya nzi mpya. Alikuwa wa zambarau, na bawa refu la manyoya mawili yaliyolala mgongoni, na koo la waridi. Mteja alituma picha na maelezo, akataka kwanza vielelezo sita. Akipendezwa, angetupa kazi ya msimu mzima. Bwana Nyaga aliwapita wakubwa wangu wote akaniwekea ile picha mezani. Nilifunga wale sita kwa siku mbili nikiwa kama nimelewa. Walikuwa wazuri kiasi kwamba wenzangu walikuja mmoja mmoja kuwaangalia, na mimi nikajifanya nimeshughulika.

Baada ya wiki tatu kifurushi kilirudi. Ndani mlikuwa na nzi wangu wote sita na barua fupi. Mteja alisema wanapendeza sana mkononi, lakini wakiingia kwenye maji yanayokwenda wanalala ubavu na kuzunguka, na mshipi unajisokota. Alitupa nafasi moja zaidi. Vielelezo vipya vimfikie kabla mwezi haujaisha, la sivyo atapeleka kazi kwingine, kwa kuwa wavuvi wake hawawezi kuiambia theluji ingoje.

Bwana Nyaga hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliketi juu ya gunia la manyoya, akasema bila oda hiyo kutakuwa na kazi ya watu sita tu mpaka Juni, na hajui atawaambia nini wale sita wengine. Nikatazama meza. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwingine alikuwa amemwandikisha binti yake shule ya bweni wiki iliyotangulia. Na kazi iliyorudi ilikuwa ya vidole vyangu mimi. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji nikalia, halafu nikanawa uso kwa maji ya tangi hilo hilo, nikarudi.

Tulijaribu kwenye karai. Nzi alizama wima kama mtu mwenye adabu. Tulijaribu kwenye beseni kubwa la kuoshea nguo, Mama Mwenda akiyakoroga maji kwa mwiko. Alizunguka kidogo, lakini hata mwiko wenyewe ulizunguka. Tulibaki tumelizingira lile beseni, wanawake wazima na mikono iliyolowa, na mmoja akaanza kucheka, tukacheka wote, kicheko kile kibaya kinachokaa karibu na machozi.

Mama Mwenda ndiye aliyenyamaza kwanza. "Wanja," akaniambia, kwa jina langu la kuzaliwa, "sisi tunapika chakula hatujawahi kuona mtu akikula. Kesho twende mtoni."

Asubuhi tukapanda juu, mimi na yeye, hadi Kianjokoma, na kutoka hapo kwa miguu hadi mto Rupingazi, pale ulipo bado mwembamba na wa baridi, karibu na ukingo wa msitu. Mkobani nilikuwa nimebeba vaisi, uzi, manyoya ya zambarau, na viazi vitamu. Huko kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Ireri, aliyekuwa akiwaongoza wageni kuvua na kuwatunzia fimbo zao za kuvulia. Alikuwa na kibali cha kuvua, na alikuwa mtu wa maneno machache. Tulimweleza shida yetu kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama viazi vile ni vya kuuza.

Alimfunga mmoja wa wale sita waliorudishwa kwenye mshipi, akamrusha katikati ya mkondo. Tuliinama juu ya jiwe tukamwangalia. Na kweli. Hakwenda hata hatua mbili. Aliinama, akalala ubavu, akaanza kuzunguka kama kuku aliyekula machicha ya pombe. Aibu niliyoiona pale sitaisahau. Lakini chini ya aibu hiyo palikuwa na kitu kingine kilichoanza kuchemka. Miaka tisa nilikuwa nimefunga nzi maelfu, na huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiwa kazini.

Nilimwomba Mzee Ireri amrushe tena. Na tena. Nilivua viatu nikaingia majini hadi magotini ili nimtazame kwa mbele. Hapo ndipo nilipoona. Bawa halikukaa katikati ya mgongo. Lilikuwa limevutwa upande mmoja, kwa upana wa unywele tu, si zaidi. Mezani usingeliona hata ukivaa miwani ya daktari. Lakini mto uliliona, ukalisukuma, na nzi mzima akageuka.

Nilitoka majini nikapiga magoti kwenye nyasi, nikabana vaisi kwenye shina la mti ulioanguka. Nikafunga polepole, Mama Mwenda akichungulia begani kwangu. Na nikaona kosa likitokea mbele ya macho yangu. Nilipokaza ule mzunguko wa mwisho, uzi ulilikokota bawa ukalipeleka ng'ambo. Haikuwa picha wala manyoya. Ilikuwa ni nguvu ya uzi, ambayo nilikuwa nimesifiwa nayo miaka tisa.

Mama Mwenda alisema, "Basi lilete kwako kwanza. Uzi ulipeleke nyumbani."

Nyinyi mnafanya hivyo kila siku bila kujua jambo hilo lilitoka wapi. Unalilaza bawa upande wako kidogo, halafu unaukaza uzi, na uzi wenyewe ndio unaolifikisha katikati. Wa kwanza nilimvuta mno. Wa pili alikwenda hatua tano akaanguka. Wa tatu nilimwagia gundi kwa sababu mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Wa nne alikuwa mzuri, kisha akanasa kwenye mzizi na Mzee Ireri akasikitika kuliko sisi.

Wa tano aliingia majini akasimama. Sina neno lingine. Aliukabili mkondo, bawa limelala mgongoni, koo la waridi linapumua, akawa anayumba kulia na kushoto kama kitu chenye roho na haraka zake. Mzee Ireri alinipa fimbo nishike mwenyewe, nione uzito wake. Nilikuwa ninageuza kichwa nimwambie Mama Mwenda atazame, wakati mto uliponivuta mkono.

Nilifikiri nimenasa kwenye jiwe. Kisha lile jiwe likaondoka. Fimbo ilipinda hadi ikagusa maji, rili ya kuviringia mshipi ikalia, na mimi, mwanamke mwenye akili timamu, badala ya kusimama nilikimbia kumfuata. Niliingia mtoni na sketi yangu ya kazini. Niliteleza nikakaa, nikanyanyuka, sketi imejaa maji kama puto. Mzee Ireri, yule wa maneno machache, aliyapata yote kwa mara moja, akawa ananiambia nilegeze, nikaze, niinue, nisivute, nivute. Sikumsikia kwa sababu ya Mama Mwenda, ambaye alikuwa akipiga vile vigelegele vya Kimeru vinavyopigwa mtoto akizaliwa. Alivipiga mara zote zinazompasa mtoto wa kiume, na bado akaendelea.

Samaki aliruka mara moja. Alikuwa wa fedha na waridi, na nzi wa zambarau alikuwa pembeni mwa mdomo wake.

Nilipomfikisha kingoni tuliinama wote watatu kumtazama. Alikuwa mdogo. Baada ya vita vile nilitarajia nyangumi, na hapa palikuwa na samaki asiyezidi kiganja changu na nusu, ana madoa kama aliyenyunyiziwa wino, na ule mstari ubavuni ambao nilikuwa nimeuona kwenye picha tu. Alimshambulia nzi aliyefungwa kwa ajili ya ndugu yake mwenye ukubwa mara ishirini. Mzee Ireri alisema kwa ukubwa huo sheria inataka arudi. Nikamshika majini kwa mikono yote miwili mpaka akapata nguvu. Moyo wake ulikuwa ukidunda ndani ya viganja vyangu, au ulikuwa wangu. Halafu hayupo.

Tulicheka njia nzima kuteremka Kianjokoma. Tulikuwa tumelowa, tumepigwa na baridi, viazi tumemwachia Mzee Ireri vyote kwa hiari yetu, na kila tulipofaulu kunyamaza mmoja wetu alitengeneza uso wa yule samaki. Watu sokoni walitutazama. Mwanamke mmoja anayenifahamu aliniuliza kama kuna msiba au harusi. Mama Mwenda alimwambia, "Huyu ameshikwa na samaki."

Nilifunga vielelezo sita vipya siku mbili zilizofuata. Kila mmoja tulimpeleka kwanza kwenye mfereji wa shamba nyuma ya Dallas, palipo na maji ya kasi, tukahakikisha anasimama. Vikaenda. Kisha tukangoja. Wenzangu hawakuniuliza kitu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kufunga. Nilifunga nzi wadogo wa kahawia kutwa nzima nikihesabu pumzi zangu.

Jibu lilikuja siku ambayo Bwana Salim alikuwa ameleta ngozi, kwa hiyo yeye pia ni shahidi. Bwana Nyaga alitoka ofisini ameshika karatasi iliyochapishwa picha. Pichani palikuwa na mto mweusi, theluji kingoni, na mvuvi mmoja mwanamke, mzee mwenye nywele nyeupe, amemkumbatia samaki ambaye kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko sufuria yetu ya githeri. Kwenye taya la samaki huyo alikuwapo nzi wangu, wa zambarau, bawa katikati. Chini mteja alikuwa ameandika kwamba wanataka oda yote, na waongezewe nusu yake tena.

Sikumbuki nani aliinuka kwanza. Nakumbuka vaisi zikianguka. Yule mwenye mimba, ambaye sasa alikuwa mwezi wa nane, alicheza akijishikilia kwenye dirisha. Bwana Salim, mtu mzima mwenye heshima zake, alifungua gunia lililokuwa limefungwa kwa uangalifu akarusha manyoya hewani kwa mikono yote miwili, kisha akatumia saa nzima kuyaokota akilaumu upepo. Bwana Nyaga aliketi tena kwenye lile gunia, na safari hii alikuwa analia yeye.

Msimu ule hakuna aliyekaa nyumbani. Ilibidi hata tuwaite wengine wawili kutoka Runyenjes.

Nimefunga wengi baada ya hapo, na wengi waliharibika kwa njia mpya ambazo sikuzitarajia. Mama Mwenda alistaafu akarudi Githongo kwa kahawa yake, na tukizungumza kwa simu bado ananiuliza habari za mto kabla ya kuuliza za watoto. Niliomba jambo moja tu kazini, na nikakubaliwa: kila mfanyakazi mpya apelekwe mtoni kabla mwezi wake wa kwanza haujaisha, aone nzi wake akisimama. Kinya alipopelekwa alisema, "Mama, hii si job, hii ni uchawi," na alikataa kutoka majini mpaka midomo ikawa bluu. Nikajua huyu atadumu.

Jumatatu ya kwanza ya kustaafu niliamka saa ile ile ya kazi, nikavaa, nikasimama mlangoni sina pa kwenda. Bwana wangu aliniangalia akasema, "Si uende mtoni basi." Nilikata kibali changu mwenyewe, nikapanda Rupingazi na fimbo ya kuazima. Mvua kubwa ilikuwa bado siku chache ianze, maji ni maangavu, hakuna mteja wala kielelezo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimetoka kuvua samaki tu.

Nilirusha asubuhi nzima bila kitu, nikifurahi kama mwenye wazimu. Kisha chini ya mzizi mmoja kivuli kikageuka. Alimchukua nzi bila haraka, trauti mkubwa wa aina ambayo sikujua kama ipo kwetu, akateremka na mkondo, na nilikimbia tena, mama wa miaka zaidi ya hamsini, nikiita watu wasiokuwapo. Kwenye kona ya pili mshipi ukakatika. Nilikaa kwenye jiwe nikacheka mpaka ndege wakahama.

Yuko huko hadi sasa hivi na nzi wangu mdomoni. Kazi yangu haikufumuka. Kilichokatika ni mshipi, na mshipi hatutengenezi sisi.